Alizungushia Tano Zote

Masela wa Isevya, hapa Tabora, tunajua: netiweki ya maana haipatikani ndani ya nyumba. Bati linaikata, ukuta wa tofali za udongo unaimeza, simu inabaki na kijimnara kimoja kinachotokea na kuingia mitini. Ukitaka kudaka intaneti iliyonyooka unabeba kigoda, unakaa chini ya mwembe upande wa barabara, pale tunapopaita Chimbo. Jioni utatukuta tumejipanga. Yupo wa kuperuzi, yupo wa kubeti, yupo wa kuchati na mtu wake, na siku hizi wapo pia wa kupiga msuli. Ndiyo, msuli. Chuo kimehamia mwembeni.

Mimi ni wa kitaa hikihiki. Bi mkubwa amenilea kwa matobolwa na karanga za kupima kwa kopo, na stashahada yangu nimeimaliza kwa mseto, nusu darasani, nusu kwenye simu. Kwa hiyo mtu akikwama na mambo ya mtandao, jina linalotajwa ni langu. Ndivyo nilivyoitwa jioni moja na dada jirani, fundi cherehani, mama wa watoto watatu, ambaye Isevya nzima akina mama wanamletea vitambaa kila sikukuu ikikaribia.

“Mdogo wangu, njoo unipige tafu hapa.”

Alikuwa amepata nafasi kwenye chuo kimoja, kozi ya malezi ya watoto wadogo, masomo ya mseto. Kabla ya kuanza walimtumia fomu ya kupima utayari wake. Maswali kama ishirini, kila moja sentensi fupi, na chini yake namba 1 mpaka 5. Moja maana yake hukubali kabisa, tano unakubali kabisa. Unazungushia.

Alishamaliza. Alitaka tu nimpigie picha nitume. Nikasoma.

Naweza kutumia kompyuta bila kusaidiwa. Tano. Nikamtazama. Dada huyu panya wa kompyuta hajawahi kumshika, naapa. Nina mahali tulivu pa kusomea. Tano. Chumba chake kina kitanda, cherehani, mafungu ya vitambaa na madogo watatu. Nina intaneti ya uhakika muda wote. Tano. Simu yake kimeo, kioo kimepasuka kama ramani ya mito, na bando ananunua la buku pale mteja anapolipa. Naweza kupanga ratiba yangu na kuifuata. Tano. Tano, tano, tano mpaka chini.

“Dada, mbona tano zote?”

Akakausha kidogo. Halafu akaniambia taratibu, bila kuniangalia: “Mdogo wangu, nikiweka mbili wataniacha. Nafasi hii unajua nimeitafuta miaka mingapi?”

Nilituma ile picha. Mpaka leo kitendo kile kinaniuma, kwa sababu nilijua.

Wiki ya tano akachemka. Kazi ya kwanza aliiandika yote, vizuri kinoma, nimeisoma kwa macho yangu, mambo ya mtoto anavyojifunza kupitia mchezo, mifano ya madogo wake mwenyewe. Ila aliiandika ndani ya meseji. Mfumo wa chuo ulitaka faili la PDF lipandishwe kabla ya saa sita usiku. Saa nne bando likakata. Saa tano akapata la kugongea kwa jirani. Saa tano na nusu mfumo ukamwambia neno la siri si sahihi. Saa sita ikapita. Kesho yake akapata sifuri, na wala hakumwambia mtu. Nilijua baada ya siku kadhaa, nilipomkuta anakanyaga cherehani huku machozi yanadondoka kwenye kitenge cha mteja.

Na kule chuoni, kwenye faili lake, aliandikwa kuwa mwanafunzi aliye tayari asilimia mia.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria hii ishu kwa uzito. Kupima utayari wa mwanafunzi kabla hujamwingiza kwenye masomo ya mtandaoni ni kitu kizuri, nakiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kipimo kikifanana na mlango, kila mtu atajisogeza apite. Mtoto wa Isevya ameishi na milango tangu darasa la kwanza. Mtihani wa darasa la nne mlango, la saba mlango, kidato cha pili mlango, cha nne mlango. Ukimpa karatasi yenye namba, kichwa chake kinasoma kitu kimoja tu: nipite vipi? Fomu ile haikumwambia popote kwamba ukisema huwezi kompyuta, tutakufundisha wiki ya kwanza. Laiti ingekuwa na sentensi hiyo moja juu kabisa, kwa Kiswahili, dada angezungushia mbili yake kwa amani.

Vipimo hivi vina historia, si vya jana. Mwaka 1998 kule Australia, Warner, Christie na Choy waliongelea utayari wa wanafunzi wa vyuo vya ufundi kusoma mtandaoni. Mwaka 2010 Min-Ling Hung na wenzake wa Taiwan wakatoa kipimo kinachotumika sana mpaka leo: maswali 18, vipengele vitano. Kujiongoza katika kusoma. Hamu ya kusoma. Kujiamini na kompyuta na intaneti. Kujitawala, yaani usikengeuke ukiwa umeshika kifaa. Na kujiamini kuwasiliana mtandaoni, kuuliza, kuchangia. Waliwapima wanachuo 1,051. Wanangu, matokeo yao yalinifanya niweke simu chini. Kwenye kompyuta na intaneti wale wanachuo walikuwa fresh. Hamu ya kusoma walikuwa nayo. Walikopungua ni kwenye kujitawala na kujiongoza. Yaani kifaa wanakijua, ila kukaa na kifaa hicho peke yao wakasoma bila kutoroka, hapo ndipo pagumu.

Hii nimeiona Chimboni kwa macho. Kuna dogo mmoja wa kitaa, kwenye TikTok ni balaa. Anakata video, anaweka mdundo, anaweka maneno yanayocheza, watu kibao wanamfuata. Ukimuuliza kama anajua mtandao atacheka. Tulimpa kurasa sita za kusoma kwenye simu, dakika arobaini, data imezimwa. Dakika ya saba alishaifungua galari. Dakika ya kumi na mbili alishasimama kwenda kuchukua maji. Dogo si mjinga hata kidogo. Ila vidole vyake vimezoea kitu kinachobadilika kila sekunde kumi na tano, na kurasa sita zinabadilika pole pole.

Siku hiyohiyo alikuwepo mzee mmoja, mlinzi wa usiku, anaitwa Babu na kitaa kizima ingawa hajafika sitini. Anatumia kitochi. Hana bando, hana barua pepe, hana chochote cha kuingia kwenye ule utafiti wa Taiwan. Tukamchapishia zile kurasa steshenari, akavaa miwani, akasoma dakika arobaini bila kuinua kichwa. Alipomaliza akatueleza alichosoma kwa Kiswahili kilichonyooka, akaongeza na swali ambalo sote hatukuwa tumeliona. Miaka yake ya kukesha imemfundisha kukaa na jambo moja mpaka alfajiri. Fomu ingempa moja. Mimi ningempa darasa.

Sasa nani yuko tayari kati yao? Dogo ana kifaa, Babu ana utulivu. Dada ana hamu kuliko wote wawili na hana muda. Ukiwapima mmoja mmoja unawaacha wote watatu. Ukiwakalisha kigoda kimoja jirani na kingine, umepata mwanafunzi kamili, na miguu sita.

Kitaa chetu kina ushahidi wa hili tangu kabla ya umeme. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Wanyamwezi ndio walioijua ile njia kwa nyayo. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, hapahapa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Stanley akaja mwaka 1871, akitokea Bagamoyo. Mpagazi alibeba kama kilo thelathini begani au kichwani. Ila hakuna mpagazi aliyepimwa mabega tu akaambiwa haya, nenda Ujiji. Msafara ulipimwa mzima: vitambaa na shanga za kununulia chakula vinatosha? Maji yako wapi kituo kinachofuata? Mvua imekaribia? Kirangozi ni nani, na njia anaijua au anabahatisha? Ndani ya msafara wapagazi walijigawa vikundi vidogo, wanapika chungu kimoja, wanalala pamoja, mmoja akiugua wenzake wanajua usiku uleule. Yule wa mbele na bendera alionekana na wa nyuma kabisa.

Nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Watu huenda kupiga picha kwa sababu ya jina lake. Mimi napapenda kwa sababu ya kusubiri kwake. Stanley aliondoka pale Machi 1872 kurudi pwani, na Livingstone akabaki mpaka Agosti, miezi mitano, akingoja watu na vifaa vitumwe kutoka Bagamoyo. Alikuwa na hamu ya safari pengine kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita hapa. Tano ya hamu alikuwa nayo. Bila wapagazi hakusogea.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu ikaisha. Wazee wanasema miembe ya zamani ya huku ni alama za wasafiri wale. Sina namna ya kuuliza mwembe wetu wa Chimbo, ila najua kila jioni watu wanatua mizigo pale.

Halafu kuna kitu kingine ambacho vijana wengi hatujaambiwa: mseto si mgeni Tanzania. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio inarusha kipindi kifupi, kikundi cha watu kinakaa pamoja kusikiliza, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa anasoma, watu wanajadili, halafu wanaenda kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Watu kama milioni 2 walishiriki, viongozi wa vikundi karibu 75,000. Angalia hicho kitu, mwanangu. Redio ni mtandao wao. Kijitabu ni faili lao. Kikundi ni darasa lao. Na aliyeandaliwa zaidi ya wote alikuwa kiongozi wa kikundi, kirangozi. Hawakumuuliza mama wa kijijini kama anajiamini kutumia redio kwa kiwango cha 1 mpaka 5. Walihakikisha kwenye kikundi kuna redio moja na mtu mmoja anayesoma.

Miaka michache baadaye, nchi ilipotaka kila mtoto aende shule, walimu wakawa hawatoshi. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa kufundisha vijijini huku wakisoma ualimu hukohuko, kwa masomo ya posta, redio, wakufunzi wa kata, na mwisho wiki sita chuoni ana kwa ana. Zaidi ya elfu arobaini waliandikishwa kwa njia hiyo. Bahasha zilipanda treni na mabasi. Ubora wao ulizungumzwa sana na mpaka leo watu wanabishana, sawa, wabishane. Mimi ninachokiona ni kwamba mtu hakuachwa peke yake na bahasha. Kulikuwa na mtu wa kumfuata kwenye kata.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na kina vituo mikoani, Tabora ikiwemo. Wenye mshahara, wenye watoto, askari, wauguzi, walimu wa shule za msingi, wamepata shahada zao kwa kusoma usiku. Kile kituo cha mkoa ndicho kinachonigusa. Intaneti ingeweza kusema haina haja ya jengo, lakini msomi anayekwama anahitaji mlango wa kugonga na mtu wa kumwambia “karibu, kaa.”

Tukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi 17, vyuo vikafuata siku iliyofuata. Ghafla kila mtu akaambiwa asome nyumbani. Vipindi vikarushwa redioni na kwenye televisheni, Taasisi ya Elimu ilikuwa na maktaba yake mtandaoni, na Shule Direct, iliyoanza 2013, ilikuwa tayari na masomo ya sekondari yanayofikika kwa simu. Vitu vilikuwepo. Kitaani kwetu nakumbuka madogo wa kidato cha pili wanacheza gozi mpaka giza, miezi ile yote. Simu ya nyumba ilikuwa na mshua, na mshua yuko mishe. Ikirudi saa tatu usiku ina chaji asilimia nane. Juni 29 shule zote zilipofunguka, walimu walianza walipoishia Machi, kwa sababu walijua.

Kwa hiyo baada ya ile sifuri ya dada, masela wa Chimbo tukakaa kikao. Hatuna chuo, hatuna ofisi, tuna vigoda. Tukasema mtu yeyote wa kitaa akipata nafasi ya kusoma kwa mseto, kabla ya kujaza fomu ya chuo aje kwanza kwetu tumpime kishkaji, na tukamwapia kila anayekuja kwamba majibu hayatoki chini ya mwembe.

Swali letu la kwanza halihusu kompyuta. Tunauliza: simu ni ya nani saa mbili usiku? Utashangaa. Msichana anayeishi kwa wazazi, saa mbili yuko jikoni, na simu iko kwa kaka. Mama mwenye ndoa, simu iko kwa baba watoto anasikiliza mpira. Mtu ana simu mchana wakati yuko kazini, halafu usiku, muda wa kusoma, hana. Nilishangaa kuona jinsi swali hili moja linavyofungua mambo mengi. Dada wengine wanacheka, halafu wanakaa kimya, halafu wanaanza kusema ukweli wa nyumba nzima. Kuna mmoja tulimshauri aongee na mume wake kwanza kabla ya kulipa ada. Alirudi na mume. Mume akakaa kigodani, akauliza maswali mazito kuliko yetu, mwisho akasema saa mbili mpaka saa nne simu iachwe kwa mkewe, yeye mpira ataenda kuusikiliza kwa jirani.

Halafu tunampa kazi, kwa sababu kuuliza mtu kama anajua kitu kunamfanya ajitetee, lakini ukimpa akifanye mnaona wote. Shusha hili faili. Libadilishe jina, weka jina lako na namba yako ya usajili. Lirudishe kwenye barua pepe hii. Hapo ndipo wengi wanabugi, na si kosa lao, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Faili limeshuka, limekwenda wapi? Simu imejaa, picha za harusi na video za magrupu zimekula nafasi yote. Neno la siri la barua pepe analijua fundi simu aliyemfungulia akaunti. Tumegundua hilo kwa watu wengi kiasi kwamba sasa tunaanza nalo: akaunti yako ni yako, badilisha neno la siri leo, liandike kwenye daftari, daftari liweke kabatini.

Zile dakika arobaini nazo zipo. Unasoma ukurasa wa Kiingereza, kisha unatueleza kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi kama bibi yupo karibu. Hapa kuna jambo vipimo vya Taiwan havikuhitaji kuuliza. Mwanafunzi wetu ana mzigo wa pili: somo lenyewe liko kwenye lugha anayoisoma kwa kupapasa. Darasani mwalimu akiona nyuso zimeganda anageuza Kiswahili, watu wanapumua. PDF haigeuki. Mtu anaonekana hana nidhamu ya kusoma kumbe amekwama kwenye neno la tatu la aya ya kwanza, na ameona aibu kuuliza kwenye grupu lenye watu mia mbili. Tukikuta hivyo tunampa mwenza, wasome sauti, wabishane kuhusu maana, waandike tafsiri pembeni. Madesa ya aina hiyo, yenye maelezo ya Kiswahili pembeni, yanazunguka Isevya nzima sasa.

Na tunauliza msimu. Hili la msimu lilitoka kwa Babu. Mvua zikianza Novemba, Tabora inaingia shambani. Wa tumbaku yuko kwenye tumbaku, wa mahindi yuko kwenye mahindi, na waliopo mjini wanaitwa kijijini kusaidia. Vyuo vinaweka majaribio Desemba na Januari kama kwamba mvua haihusiki. Mwanafunzi aliyekuwa tayari Oktoba anaweza asiwe tayari Desemba, na atakuwa tayari tena Mei. Utayari unapanda na kushuka na mwaka. Ningekuwa na sauti kwenye chuo chochote kinachopokea watu wa huku, ningeomba hicho tu: mpimeni mtu mara tatu kwa mwaka, na mkikuta ameshuka mpigieni simu. Kupiga. Meseji ya kwenye mfumo haiingii kwenye simu iliyoko shambani Urambo bila data.

La mwisho tunamuuliza: ukikwama saa nne usiku utampigia nani? Atoe jina na namba, tuione kwenye simu yake. Asipokuwa nalo, tunaandika letu.

Siwezi kukudanganya kwamba kila mtu ametoboa. Dogo wa TikTok tulimwambia ukweli, akazira wiki mbili, akarudi. Sasa anatengenezea wenzake video fupi za jinsi ya kupandisha faili, kwa Kiswahili cha kitaa, na nimeona watu wazima wanaziangalia mara tatu tatu wakifuata kidole chake. Kusoma kwake mwenyewe bado ni dakika ishirini, ila alianza na saba. Babu hakujiandikisha chuo. Alisema yeye anataka tu kusoma wanachosoma wengine, basi tunamchapishia nakala, na watu wakibishana juu ya jambo fulani wanasubiri aamke saa nane mchana wamuulize. Kuna wawili walisimama kabisa, mmoja kwa ada, mmoja kwa uzazi. Yule wa uzazi madesa yake tumemtunzia.

Bando tunachanga. Buku kwa kila mtu kwa wiki, mmoja anashusha mafaili yote usiku likiwa rahisi, asubuhi anawarushia wenzake simu kwa simu bila data. Steshenari ya jirani imekubali kutuchapishia kwa bei ya chini tukileta kazi nyingi pamoja. Umeme ukikata kuna kijana wa bodaboda ana pawa benki kubwa, anaileta mwembeni wiki za mitihani na hataki hela.

Dada jirani hakudisko. Alirudia lile somo, akalipasua. Yeye na cherehani yake wamekubaliana: mteja anayetaka nguo wiki ya kazi za chuo anaambiwa mapema, na wengi wanamwelewa. Kuna jioni nilimkuta mwembeni, mtoto mdogo amelala mapajani, simu mkono mmoja, mkono mwingine unampepea mtoto na kurasa za mhadhara zilizochapishwa.

Mwaka wa pili ulipoanza chuo kiliwatumia tena fomu ileile. Safari hii hakuniita. Aliniletea mwenyewe imejazwa, kwa kalamu ya bluu, nimpigie picha. Kompyuta amezungushia tatu. Intaneti ya uhakika, mbili. Mahali tulivu pa kusomea, moja, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo, saa tano usiku pana utulivu. Nikafika chini. Chini ya swali la mwisho alikuwa amechora mstari kwa rula, umenyooka kama mshono wake, akaongeza sentensi ya kwake ambayo chuo hakikuuliza: Nina watu wa kuwauliza nikikwama. Akaandika namba moja mpaka tano, zimepangana vizuri, akazungushia tano.